Njia ya Miguu Ina Wenyewe

Kwa wazee, ndugu na vijana wa kijijini kwetu, wilayani Pangani,

 

Mnaniuliza Wazungu wa huku Uingereza wanatafuta nini milimani mvua inanyesha, na hawajapotelewa na mbuzi. Wanatembea tu. Jumamosi watu wa Manchester na Sheffield hushuka treni pale Edale, kijiji kidogo cha Derbyshire, wakapanda Kinder Scout. Ni mita 636. Watu wa Lushoto watacheka. Ila kule juu kuna tope jeusi la majani yaliyooza karne na karne, linameza mguu hadi gotini, na ukungu ukishuka humwoni hata mwenzako.

Kilichonishika mimi si mlima, ni njia. Zinapita ndani ya mashamba ya watu! Unafika kwenye ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, unakuta vipandio vya kuvukia na nguzo yenye mshale wa njano: pita kwa miguu, ni haki yako. Unapita katikati ya kondoo, unafunga geti, unaendelea. Mwenye shamba atakupungia mkono au atakununia, lakini hakufukuzi. Kusini mwa Derbyshire nimepita kwenye mahindi (wanawalimia ng'ombe, msiniulize), na mkulima kaacha ujia. Sheria inambana: akilima juu ya njia ya miguu inayokatiza shamba, ana siku 14 kuirudisha, upana usiopungua mita moja.

Msidhani ni ukarimu wa matajiri. Mwaka 1932 Kinder ilikuwa imefungiwa wananchi ili wakubwa wawinde ndege. Tarehe 24 Aprili vijana kwa mamia, wengi wao wafanyakazi, wakiongozwa na Benny Rothman wa miaka 20, waliingia kwa makusudi, wakakunjana na walinzi. Watano walifungwa; Rothman alipewa miezi minne. Sheria ya 1949 ndiyo iliyozitaka halmashauri ziingize njia za umma kwenye ramani rasmi, na mwaka 1951 eneo hilo, Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Mjukuu wa aliyekuwa mwenye mlima, Duke wa Devonshire, aliomba radhi hadharani mwaka 2002. Miaka 70!

Lipo na hili. Umma ukipita mahali miaka 20 mfululizo, kweupe, bila kuomba ruhusa wala kuzuiwa, sheria huchukulia kuwa mwenye ardhi ameitoa njia hiyo, isipokuwa athibitishe kwamba hakukusudia. Ushahidi wenyewe ni watu kujaza fomu: nilianza kupita lini, nikienda wapi.

Sasa ile njia yetu ya minazini, ya kushukia pwani kununua samaki, nasikia imejengewa ukuta, na tunaambiwa haikuwahi kuwapo. Mama zetu walipita wapi na ndoo zao? Sheria ya Uingereza haituhusu, najua. Lakini tunayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha ardhi ya matumizi ya wote. Kabla ya mkutano ujao, wazee watupe majina ya njia, vijana wazipite na simu zao na kuzichora: ya minazini, ya kisimani, ya makaburini. Kila mzee aandikiwe maelezo yake na aweke dole gumba. Karatasi na nauli ya kwenda wilayani nitatuma mimi.