Waya wa Dhahabu na Sauti ya Redio

Umezuka mtindo, nao si wa pwani peke yake, wa kuuza waya wa stima kana kwamba ni dawa ya masikio. Mtu hununua redio ya kaseti au wufa, asiridhike na sauti yake, akaambiwa: chombo chako hakina kosa, kosa ni la umeme, badilisha waya, tia plagi iliyopakwa dhahabu, tia na kisanduku cha kuchujia umeme, na udi wa Zein l'Abdin utausikia kama kwamba mpigaji yu pembeni yako. Ulaya na Marekani waya mmoja wa namna hiyo waweza kuuzwa kwa bei ya ng'ombe mzima. Kwetu bei ni ndogo, lakini maneno ni yale yale, na mfuko wa mnunuzi nao ni mdogo.

Sisi twaona kwamba katika maneno hayo mna haki na mna batili, na ajabu yake ni kuwa batili ndiyo iuzwayo ghali.

Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Mjini Kisii lipo soko kubwa la Daraja Mbili, mashuhuri kwa ndizi, mboga na mitumba. Nyanda zile za Kisii na Nyamira ziko juu, mvua yake ni nyingi, na mvua hiyo aghalabu huja na radi. Mkaazi wa huko akiuliza habari ya kifaa cha umeme cha kutia kwenye redio yake, haulizi kwa anasa. Radi ikipiga karibu na nguzo, umeme uliomo katika waya hupanda ghafla, ukaingia nyumbani na kuunguza transfoma, kapasita na kila kilichokuwa kimechomekwa. Kwake yeye ule mkebe mdogo unaokata umeme unapozidi au kupungua, wanaouita gadi, si pambo. Ni bima ya chombo alichokichangia fedha kwa miezi.

Lakini tazama neno lenyewe: bima. Gadi hulinda chombo, haitengenezi sauti. Muuzaji anayesema yote mawili kwa pumzi moja amechanganya maziwa na maji.

Ili kulifahamu jambo hili hapana budi kujua umeme hufanya nini ukishaingia katika redio. Stima ya Kenya ni ya volti 240, nayo hugeuka kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Spika haiutumii umeme huo kama ulivyo. Kwanza transfoma huushusha, kisha daiodi huulazimisha uende upande mmoja, kisha kapasita huuhifadhi na kuusawazisha kama mtungi unaojazwa kwa matone na kumiminwa kwa mkondo mmoja. Sauti hutokana na umeme uliokwisha sawazishwa humo ndani. Na kabla ya kufika katika soketi yako, umeme huo umekwisha safiri maili na maili juu ya nguzo, ukapita transfoma za mitaani, mita, na waya zilizofichwa ukutani tangu nyumba ilipojengwa. Utaambiwaje basi kwamba mita moja ya mwisho, kwa kuwa imevikwa nailoni ya rangi, itautakasa?

Mwenye kushikilia kuwa anasikia tofauti, tusimbishie, na ajaribiwe. Akae ameupa chombo mgongo, mwenziwe abadilishe waya au auache bila ya kumwambia, mara kumi, yeye aseme kila mara ni upi. Akipata zote kumi, na anunue. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo amekwisha kujibu. Na kwa kuwa wengi wetu twasoma fiqhi ya biashara tangu chuoni, hatuna haja ya kukumbushana kwamba kuisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo ni ghushi, hata kama mnunuzi ameondoka akicheka.

Sasa tuje kwenye haki, maana ipo. Yako makosa ya umeme yanayosikika kweli, na dawa zake ni rahisi.

La kwanza ni letu sisi wa pwani zaidi kuliko watu wa Daraja Mbili. Chumvi ya bahari na unyevu hula shaba. Plagi iliyokaa miaka mahali pamoja hushika kutu ya kijani, soketi hulegea, na kila gari lipitapo redio hukwaruza. Watu hudhani spika imepasuka. Zima umeme, chomoa, safisha, kaza skrubu, badilisha soketi iliyochoka. Hapo mtu atasikia tofauti bila ya kuhitaji kuaminishwa.

La pili ni ule mvumo mzito, mmm, usiokoma hata ukipunguza sauti. Aghalabu huja pale amplifaya imechomekwa soketi moja, televisheni nyingine, na waya wa muziki umeziunganisha. Zikawa na njia mbili za kwenda ardhini, na umeme kidogo ukazunguka baina yake. Chomeka vyombo vyote katika ekstensheni moja iliyo nzima, na mara nyingi mvumo huondoka. Lakini wako mafundi wa mtaani ambao dawa yao ni kukata waya wa ardhi ndani ya plagi. Mvumo hunyamaza, naam, na mwenye nyumba hushukuru. Siku umeme utakapovuja ndani ya chombo, bati lake lote litakuwa na volti 240, na wa kwanza kuligusa huenda akawa mtoto. Fundi wa namna hiyo asilipwe, afukuzwe.

Waya wa ardhi wenyewe nao una yake. Chuma kilichopigwa katika udongo mwekundu wa Kisii, uliolowa karibu mwaka mzima, hushika ardhi vizuri. Katika mchanga wetu mkavu na mwamba wa matumbawe kazi ni ngumu zaidi, na nyumba nyingi za zamani hazikupimwa tangu zilipowekwa stima. Fedha za waya wa dhahabu zingemlipa fundi mwenye leseni kuja kupima.

La tatu ni mkwaruzo katika redio ya mawimbi ya kati na mafupi. Hapo mwizi mara nyingi ni chaja rahisi ya simu, au taa za siku hizi zilizotengenezwa ovyo. Zichomoe moja moja mpaka umjue. Halina gharama.

Na tusiache kutaja maboksi. Utaona wufa imeandikwa wati 10,000, pamoja na herufi PMPO pembeni. Plagi yetu ni ya ampea 13; zidisha kwa volti 240, utapata wati 3,120, wala chombo hakiwezi kwa muda wowote wa maana kutoa zaidi ya kinachopita humo. Hizo elfu kumi zimetoka wapi? Zimetoka kwa mchapaji wa boksi. Bidhaa hizi nyingi hushuka katika bandari yetu ya Mombasa kabla ya kupanda lori kwenda bara, na Shirika la Viwango la Kenya, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974, lina alama yake ya ubora. Twataka alama hiyo itafutwe kwa bidii zaidi kwenye ekstensheni na plagi, ambazo zikiwa na waya mwembamba wa alumini uliopakwa shaba huwaka moto, kuliko kwenye vitu vya kupendeza macho. Fyuzi ya ampea 3 yatosha redio. Anayeiondoa akaweka kipande cha waya ameondoa mlinzi mlangoni.

Kuhusu kukatika kwa stima: tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa gizani, na ikawa hivyo tena Novemba na Disemba mwaka ule ule. Umeme unaporudi ndipo unapoyumba, hivyo gadi nzuri husubiri dakika kadhaa kabla ya kuufungulia. Asiyekuwa nayo achomoe kwa mkono, angoje mpaka taa zitulie. Na radi ikinguruma, iwe Daraja Mbili au Lamu, achomoe plagi pamoja na waya wa antena, kwani watu wengi hukumbuka ule wa ukutani wakausahau ule wa paani.