Daftari la Anwani ni Amana
Wito kwa makatibu wa vyama, koo na jumuiya



Jumamosi moja asubuhi nilipigiwa simu kwamba mwalimu wetu wa hesabu, aliyetufundisha miaka minne ya sekondari, amefariki usiku. Mimi ni katibu wa umoja wa tuliosoma pamoja, na penye msiba kazi ya kwanza ya katibu ni kutoa taarifa. Nikawasha kompyuta pale sebuleni, nikafungua programu ya barua pepe, nikaanza kuandika jina la kwanza. Siku zote nikishagonga herufi mbili, mashine hunimalizia yenyewe: jina, ukoo, anwani nzima. Siku ile niligonga mbili, tatu, tano, nikamaliza jina lote. Kimya. Nikafungua daftari la anwani. Lilikuwa jeupe.

Wiki mbili kabla, kompyuta hiyo ilikuwa kwa fundi. Ilikuwa imelemewa, inachukua robo saa kuwaka, na kijana akashauri apige Windows upya. Aliniuliza kwa adabu, "Mama, kuna vitu vyako humu nivihifadhi kabla sijafomati?" Nikamjibu kwa kujiamini, "Hapana mwanangu, nyaraka zangu zote ziko kwenye flashi." Na kweli zilikuwapo: mihtasari ya vikao, hesabu za michango, picha za mahafali. Hata orodha ya majina ya wanachama 112 ilikuwapo. Anwani zao ndizo sikuzikumbuka, kwa sababu sikuwahi kuziona kama kitu cha kuhifadhi. Zilikuwa zipo tu, kama maji ya bomba siku yanapotoka.

Fundi hana kosa, aliuliza, nikamjibu. Kosa ni langu, na ninalikiri hadharani kwa kuwa najua siko peke yangu. Kila ukoo una shangazi anayejua nani yuko wapi. Kila jumuiya ya kanisa, kila kamati ya msikiti, kila chama cha kuweka na kukopa kina mtu mmoja ambaye orodha iko kwake. Mara nyingi iko kwenye kompyuta moja, nyumbani kwake, na nakala ya pili haipo popote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia itakuwaje siku daftari lenyewe litakapopotea.

Nitaambiwa, "Mama, barua pepe zimepitwa, sote tuko WhatsApp." Tuko, na taarifa ya msiba ule ilianzia huko. Lakini miongoni mwetu wamo walioko Muscat na Toronto waliokwisha kubadili namba mara tatu, wamo wasiopenda kelele za makundi, na wamo walioibiwa simu wasiwahi kurudi kundini. Mtu akihama nchi huacha laini yake. Anwani ya barua pepe huhama naye. Ndiyo maana mihtasari, taarifa za benki na katiba ya umoja bado tunazituma kwa njia hiyo.

Sasa tuelewane kwanza anwani hizi hukaa wapi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea. Tunadhani kila kilicho chetu kiko kwenye folda ya nyaraka au pale mbele kwenye skrini. Sivyo. Kwa anayetumia Thunderbird, daftari la anwani ni faili dogo liitwalo abook.sqlite, na watu uliowaandikia bila kuwahifadhi wamo kwenye jirani yake, history.sqlite. Yote mawili yamo ndani ya folda ya AppData, ambayo Windows huificha machoni petu. Anayetumia Outlook ile ya kusakinishwa, mara nyingi anwani zake zimo ndani ya faili kubwa linaloishia na .pst, pamoja na barua zenyewe. Na mwenye diski ya enzi za Windows XP na Outlook Express atafute faili linaloishia na .wab. Kwa hiyo ukinakili nyaraka na picha peke yake, umehamisha samani ukaacha wapangaji ndani ya nyumba inayobomolewa.

Kama yamekwisha kukufika, usikate tamaa, ila simamisha mikono. Faili likifutwa kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka, yaliyomo hayafutiki papo hapo. Kompyuta huiona tu nafasi ile kuwa ni tupu, na kila unachokihifadhi baada ya hapo kinaweza kukalia juu yake. Basi usipakue filamu, usisakinishe programu, hata hiyo ya kuokolea. Zima mashine, itoe diski, au mpelekee fundi umwambie unatafuta nini hasa: faili lipi, la programu ipi. Zipo programu za bure kama Recuva na PhotoRec zinazochambua diski kutafuta yaliyofutwa, lakini ziendeshwe kutoka kwenye flashi au kompyuta nyingine. Kwa diski mpya za SSD matumaini ni madogo zaidi, kwani zenyewe husafisha nafasi iliyoachwa wazi.

Kabla hata ya kufika kwa fundi, tazama mahali pa karibu. Kama fundi alipiga Windows upya bila kufomati, huenda mambo yako ya zamani yamehifadhiwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Wahi, kwa maana Windows yenyewe inaweza kuja kuifuta. Kama anwani zako zilikuwa kwenye akaunti ya Google, zilizofutwa hukaa kwenye Tupio kwa siku 30, na ndani ya muda huohuo unaweza kuirudisha orodha nzima jinsi ilivyokuwa siku fulani. Wenye iCloud nao wana siku 30. Siku ya 31 mlango umefungwa, kwa hiyo anayegundua leo asingoje mwisho wa mwezi.

Mimi milango yote hiyo niliikuta imefungwa. Diski ilikuwa imefomatiwa, na kwa wiki mbili wajukuu walikuwa wameshaijaza michezo na katuni. Barua zangu za zamani nazo hazikuwapo kwenye seva, maana miaka ile programu yangu iliwekwa kwa mtindo wa POP, ule wa kuzishusha barua nyumbani na kuzifuta kule zilikotoka. Wanaotumia IMAP wana bahati: barua hubaki kwenye seva, na ukifungua zile ulizotuma utazikuta anwani zote pale juu, kwenye mstari wa wapokeaji. Kila barua ya zamani ni daftari la anwani ambalo hukujua unaliandika.

Jambo hilo ndilo lililotuokoa, kwa njia ya aibu kidogo. Miaka miwili nyuma nilituma mwaliko wa mkutano mkuu, na kwa haraka nikaziweka anwani zote kwenye mstari wa nakala badala ya nakala ya siri. Kila mmoja akaona anwani ya kila mwenzake. Nilikemewa, tena kwa haki. Jumanne ile baada ya msiba, dada mmoja aliyeko Mombasa akanipigia: "Wewe, si ulitumwagia anwani zetu zote siku ile? Mimi ile barua sikuifuta." Akanirudishia. Nikakaa na karatasi na kalamu, nikazihesabu moja moja: 87. Kila tuliyempata tukamwomba atazame barua zake, tukaongeza 19. Ikawa 106. Sita hatujawapata hadi leo.

Lakini tulikuwa tumeshachelewa. Mwalimu alizikwa Jumatatu, hapa Morogoro. Watatu kati ya waliokuwa wanategemea barua yangu walikuwa Dodoma na Iringa, safari ya saa chache tu kwa basi. Walisikia mazishi yamekwisha. Mmoja wao, ambaye mwalimu alimlipia ada ya kidato cha nne kutoka mfukoni mwake, aliniuliza neno moja tu: "Mbona hamkuniambia?" Nilimweleza habari ya kufomati. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema sawa. Ile sawa yake ndiyo iliyonikalisha chini kuandika wito huu.

Na wakati wenyewe ndio huu. Tangu Oktoba 14, 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kama ilivyozoeleka, na programu ndogo za Barua na Watu zilizokuja nayo ziliachwa tangu mwisho wa 2024. Maana yake mafundi wetu watakuwa na kazi: kompyuta nyingi za nyumbani zitapigwa Windows upya, zitauzwa kwa mtumba au zitagawiwa watoto wa ndugu. Kila moja itakayopita mikononi mwao huenda ina ukoo mzima ndani yake.

Ndugu zangu, nina maombi matatu.

La kwanza: toa nakala wiki hii. Fungua daftari lako la anwani, iwe ni Gmail, Outlook au Thunderbird, utafute neno la kuhamisha au kutoa orodha nje. Mara nyingi utapewa chaguo la muundo. CSV hufunguka kama jedwali la Excel na unaweza kulichapa. vCard, faili linaloishia na .vcf, husomwa na simu na kompyuta karibu zote, hata kesho ukibadili programu. Ukipewa yote mawili, yachukue yote; kwa kawaida ni mafaili madogo kuliko picha moja ya simu. Weka moja kwenye flashi, na usiiache flashi hiyo imechomekwa kwenye kompyuta ileile. Kisha chapa orodha kwenye karatasi. Karatasi haihitaji umeme wala nenosiri. Na kwa wale wenye akaunti ya zamani ya Google waliyoiacha, wajue kwamba kwa utaratibu ulioanza kutekelezwa Desemba 2023, akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa na kila kilichomo. Ingia angalau mara moja, ubishe hodi.

La pili: orodha isikae kwa mtu mmoja. Katibu anaumwa, anasafiri, anafariki, ni binadamu. Kila umoja uchague mtu wa pili, mhazini au makamu, akabidhiwe nakala kila mwaka siku ya mkutano mkuu, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari kama tunavyoandika hesabu za fedha. Tunamtaka mhazini atuoneshe daftari la benki. Tumtake na katibu atuoneshe daftari la watu.

La tatu: tuilinde, maana si yetu. Anwani ya mtu ni taarifa yake binafsi, na hata sheria inaitambua hivyo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Daftari la anwani pia ndiko waharibifu wanakopitia. Mei 2000 kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kilizunguka dunia kwa kujituma chenyewe kwa kila aliyekuwamo kwenye daftari la Outlook la mtu aliyeambukizwa, na watu wakakifungua kwa kuwa kimetoka kwa wanayemfahamu. Kwa hiyo faili lako lifunge kwa nenosiri, na barua ya watu wengi itume kwa nakala ya siri. Mimi niliokolewa na kosa langu, lakini bahati haiwekwi kwenye katiba ya umoja. Tena ukimwandikia mtu kuomba anwani zilizopotea, mpigie simu kwanza au mtaje jambo mnalolijua nyinyi wawili, maana matapeli nao huandika, "nimepoteza namba zenu, nitumieni."

Najua wapo watakaosema hawana utaalamu. Basi mwiteni kijana wa nyumbani, yule anayewarekebishia simu, mumpe nusu saa na kikombe cha chai. Nanyi vijana mnaosoma hapa, Jumapili hii mkimtembelea bibi au mjomba, msimsahihishie tu saa ya kompyuta. Mwulizeni, "Anwani za watu wako umeziweka wapi?" Na ninyi mafundi, mnapouliza kama kuna vitu vya kuhifadhi, ongezeni swali moja: "Na barua pepe je, unasomea kwa programu gani?" Swali hilo moja lingetosha kunipeleka mazishini na wenzangu wote.

Mwezi uliopita kompyuta yangu ililemewa tena, nikaibeba hadi kwa kijana yuleyule. Akaniuliza kama mwanzo, "Mama, kuna vitu vyako humu?"

Nikamwambia, "Vitu vyangu havimo. Humu mna watu 106, mwanangu. Tuwatoe kwanza."