Kitambi Si Cheo

Katika Ludara, kama ilivyo Koboko nzima na Arua, mtu akinenepa husifiwa kuwa mambo yake yamemnyookea, na akikonda huulizwa ni nani aliyemtendea. Desturi hiyo ina asili yake. Baada ya vita vya 1979, watu wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Zaire na Sudan, wakaishi huko miaka kadhaa kwa kula walichokipata. Aliyeionja njaa ya namna ile halaumiwi akiuona mwili mnene kuwa neema. Lakini sisi wa jeshini, tunaowaona vijana wakiingia kambini wembamba na kustaafu wakiwa na vitambi, twaona wakati umefika wa kuutazama mwili huo kwa jicho jingine.

Chakula cha wanga, kama ugali wa muhogo, hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, nayo ndiyo inayoiamrisha misuli kuipokea sukari hiyo, na ini liache kuongeza nyingine. Mafuta yanapojazana tumboni na kulivamia ini, viungo hivyo huanza kuwa vizito wa kusikia. Kongosho, mithili ya kamanda asiyesikilizwa na kikosi chake, hupaza sauti na kumwaga insulini zaidi. Hali hiyo yaweza kuendelea miaka mingi, sukari ikionekana sawa na mwenyewe hana habari. Daktari Mwingereza Harold Himsworth aliligundua jambo hili tangu 1936, alipowagawa wagonjwa wa kisukari katika makundi mawili: wale ambao miili yao huitii insulini na wale ambao miili yao haiitii.

Insulini ina amri ya pili, nayo ni kuyazuia mafuta yasitoke ghalani. Kwa sababu hiyo wako wanaosema kwamba wingi wa insulini ndio unaomnenepesha mtu. Wataalamu hawajapatana juu ya hilo. Wanalopatana ni kwamba mafuta ya tumboni huuzidisha ukaidi wa mwili, na kwamba hakuna anenepaye pasipo kula kupita matumizi yake. Kwa hiyo anayemcheka mnene kuwa ni mvivu tu, na anayemwonea wivu kuwa ni tajiri, wote wawili wamepotoka.

Linalotuhuzunisha zaidi ni mwisho wa safari hiyo. Kongosho hushindwa, sukari hufurika na kutoka na mkojo, na yule mnene hukonda katika miezi michache. Kiu haimwishi, na usiku kucha ni kutoka nje. Hapo ndipo kijiji hunong'ona kuwa amelishwa sumu. Jirani hutiliwa shaka, mganga huitwa, udugu huvunjika, na sukari ambayo ingepimwa kwa tone moja la damu huendelea kuyaharibu macho na figo. Uchunguzi wa nchi nzima wa 2014 ulikuta kisukari kwa asilimia 1.4 ya watu wazima wa Uganda, na karibu nusu yao hawakujua kuwa wanaumwa.

Watu wa huku wanayo sababu nyingine ya kujihadhari. Huko Uholanzi, watoto waliokuwa matumboni mwa mama zao wakati wa njaa ya 1944 na 1945 walipimwa wakiwa na umri upatao miaka 50, na miili yao ikaonekana kuimudu sukari kwa shida kuliko ya wenzao. Watoto wetu waliozaliwa uhamishoni mwanzoni mwa miaka ya 1980 sasa wamevuka miaka 40. Walikulia katika uhaba. Leo soda na mandazi ziko kila kituo, na barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra hadi Oraba imewapandisha bodaboda watu waliokuwa wakienda kwa miguu. (Barabara hiyo twaishukuru; hatusemi ing'olewe.)

Tiba ya kwanza si ghali. Huko Marekani, utafiti uliotangazwa 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa karibu kuugua, walipolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa juma, walipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kilo 6 na kidogo. Hakuna anayetakiwa kurudia mwili wa kuruta.

Basi, ndugu wananchi, chukueni kamba, mpime urefu wenu toka utosini hadi kisiginoni, mwikunje katikati, kisha mwizungushe tumboni. Ikiwa ncha hazikutani, nendeni kituo cha afya mkapimwe damu. Na aliyekonda ghafla apelekwe huko huko, siku hiyo hiyo, kabla jina la jirani yeyote halijatajwa.