Yupo, Hayupo: Kiholanzi kwa Mwenye Kiswahili

Vitabu vingi anavyosomea Mswahili Kiholanzi humpitisha kwanza kwenye Kiingereza, au kwenye Kifaransa akiwa Ubelgiji. Somo linaloumizwa zaidi na mzunguko huo ni la kueleza kwamba kitu kipo, na kipo wapi. Mwanafunzi huambiwa kuna kineno "er", hakina maana, akikariri tu. Miezi inapita, ndipo anaambiwa kwamba chupa ikiwa mezani Waholanzi husema imesimama, na hilo nalo alikariri. Toleo hili linashikilia kwamba yote mawili yafundishwe katika wiki za mwanzo, tena kwa kuanzia kwenye ngeli za mahali, ambazo mwanafunzi wetu amezitumia tangu utotoni.

Chukua maongezi ya simu. Mtu anauliza: "Is je vader er?" Kwa Kiswahili ni "Baba yupo?", basi. Jibu ni "Hij is er", yupo, au "Hij is er niet", hayupo. Hapo "er" inafanya kazi ya -po, na hakuna cha kukariri. Sasa ipeleke mwanzo wa sentensi: "Er is melk", kuna maziwa, "Er is geen melk", hakuna maziwa. Safari hii inafanya kazi ya ku- katika "kuna": inashika nafasi ya mbele ili kitu chenyewe kitajwe baadaye. Kineno kilichodaiwa hakina maana kinajulikana vizuri kwa mtu yeyote aliyewahi kubisha hodi akauliza kama wenyewe wapo.

Faida yake haiishii hapo. Kiswahili hakina vineno kama "een", cha kitu kisichojulikana bado, wala "de", cha kitu kinachojulikana, na walimu wengi huona huo ni upungufu wa kufidiwa kwa mazoezi marefu. Lakini sisi tofauti hiyo tunaibeba kwenye kitenzi. Nikisema "hakuna maziwa", nazungumzia maziwa yoyote. Nikisema "maziwa hayapo", nazungumzia yale tunayoyajua wote wawili, labda yaliyonunuliwa jana. Kiholanzi kinagawanya vivyo hivyo: "Er is geen melk", lakini "De melk is er niet". Vilevile "Kuna mtu mlangoni" ni "Er staat een man voor de deur". Mtu huyo akishajulikana, "Yule mtu yuko mlangoni" inakuwa "De man staat voor de deur", na "er" inaondoka. Mwalimu anayeanza na "kuna" na "yupo" amekwisha kufundisha nusu ya somo la "een" na "de" kabla hajalitaja.

Mahali ambapo Kiswahili chetu hutuponza ni kwenye idadi. Kwetu mahali ndipo panapotawala kitenzi, kwa hiyo chupa ikiwa moja ni "kuna", zikiwa kumi ni "kuna". Kiholanzi hutazama chupa zenyewe: "Er staat een fles", lakini "Er staan twee flessen". Mswahili husema "er staat twee flessen" bila kusita, kwa sababu anafuata sarufi yake kwa uaminifu. Kosa hilo halimalizwi na wino mwekundu. Aelezwe ni nani kiima katika kila lugha.

Sasa vitenzi vya mkao. Fungua friji ya nyumba yoyote Uholanzi. Pakiti ya maziwa inasimama: "Het pak melk staat in de koelkast." Kipande cha jibini kinalala: "De kaas ligt in de koelkast." Chupa ya matango ya siki nayo inasimama, ila matango yenyewe yamo ndani yake, na hapo kitenzi ni "zitten", yaani kukaa: "De augurken zitten in het potje." Sahani huwashangaza wengi, maana ni bapa na bado husemwa "De borden staan op tafel". Kinachotazamwa ni kwamba sahani ina kitako na imekaa juu ya kitako hicho; urefu si hoja. Mpira hauna kitako, kwa hiyo unalala. Miji nayo hulala: "Utrecht ligt in het midden van Nederland." Habari iliyoandikwa gazetini husimama: "Het staat in de krant."

Muundo wenyewe si mgeni kwetu. "Mlangoni pamesimama mtu" ni Kiswahili safi, na ni ndugu wa "Er staat iemand voor de deur". Mholanzi ameusogeza mpaka kwenye chupa na sahani, basi. Tena kwa "zitten" sisi tuna -mo. "Ufunguo umo mfukoni" ni "De sleutel zit in mijn zak". Mwislamu aliyeshika pakiti dukani akitaka kujua kama mna nyama ya nguruwe atauliza "Zit er varkensvlees in?", na swali hilo analihitaji siku ya kwanza, si mwezi wa sita. Kwa wahamiaji wanaofanya mtihani wa ujumuishaji (inburgering) uharaka ni mkubwa zaidi, kwani sheria iliyoanza kutumika Uholanzi tarehe 1 Januari 2022 imepandisha kiwango cha lugha kinacholengwa kutoka A2 hadi B1.

Hoja yetu ina mpaka, na ni haki kuutaja. Msomaji wa Bukavu au Lubumbashi husema "kuko" tunaposema "kuna", na "iko" yake hubeba mengi bila kupatanishwa na kila ngeli. Nairobi pia "iko" imeenea mitaani. Kwa wasemaji hao -mo haipo mdomoni kila siku, na kuwataka wajifunze kwanza Kiswahili cha vitabuni ili wafike kwenye Kiholanzi ni kuwarudisha kwenye mzunguko uleule tunaoupinga. Ndiyo maana mazoezi yao ya "zitten" humu yanaanza na "ndani ya", na jedwali la -po, -ko na -mo limewekwa baada ya mazoezi, kwa atakayelitaka.