AMETUBU LAIVU, LAKINI HELA YA KIKOBA IKO WAPI?

MJINI kuna staili mpya ya kuokoka. Staa anapotea mtandaoni wiki mbili, posti zote zinafutwa, picha ya wasifu inabaki nyeusi tii. Siku ya siku anaibuka laivu Instagram, kitambaa kichwani, macho mekundu, nyuma yake madhabahu na maua ya plastiki. Anafunguka. Anataja pombe, anataja waganga, anataja michepuko, na asipojiangalia anataja mpaka majina ya aliochepuka nao. Huko chini ni "Amen" juu ya "Amen", na mikono ya kuomba kibao. Kesho yake stori imeshafika kila kijiwe, kuanzia Kinondoni Studio mpaka Mbagala Rangi Tatu.

Miezi mitatu baadaye mabishano yanaanza: alitubu kweli au ilikuwa kiki?

Hilo swali lina utamu wake, ila jibu lake analo Mungu. Wahenga walishasema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, na hakuna aliyewahi kupima toba kwa ndoo za machozi. Kuna swali jingine ambalo mtu yeyote anaweza kulijibu, na haliwahusu mastaa peke yao: aliyekosewa amepata nini?

KIUMBE KIPYA, DENI LA ZAMANI

Chukua mfano ambao mitaa mingi ya Temeke inaujua. Kikoba cha akina mama ishirini na kitu. Yumo mama ntilie, yumo muuza genge, yumo dada wa saluni, yumo anayekopesha vitenge mlango kwa mlango. Kila Jumapili jioni wananunua hisa. Desemba inafika, siku ya kuvunja kikoba, watu wameshapiga hesabu za Januari. Mweka hazina hapatikani. Simu imezimwa, chumba kahama usiku, na sanduku la kufuli tatu lina daftari tu, maana hela zilikuwa zinakaa kwenye laini yake.

Mwaka unapita. Mtu anamwona kwenye video ya kanisa moja upande wa pili wa jiji, kashika maiki, anatoa ushuhuda. Ameokoka. Anaulizwa inboksi kuhusu zile hela, anajibu: "Shoga, mimi sasa ni kiumbe kipya, ya dunia nilishayaacha." Na anamalizia kwa kumbariki aliyeuliza.

Sasa hapo mama ntilie afanye nini? Mtaji wake nao umeokoka? Januari ile mwanae alichelewa kurudi shule kwa kukosa sare na madaftari, na yeye alirudi kukopa kwa riba. Hajawahi kupewa hata pole.

Kuna na yule kijana aliyekana mimba kule Tandika, leo anapiga kinanda kanisani na watu wanamwita mtumishi. Mtoto ana miaka sita, hajawahi kuvaa hata kandambili zilizotoka kwa baba yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumtunza mtoto wake, na haina kipengele kinachosema ukishabatizwa kwa maji mengi wajibu umefutwa.

Si lazima watu hawa wawe wanaigiza. Huenda wanalia kweli usiku, wanafunga kweli, wanasali kweli. Tatizo ni kwamba wanampelekea Mungu deni wanalodaiwa na jirani, halafu wanatembea kifua mbele kana kwamba limelipwa.

MCHAWI NI MWINGINE SIKU ZOTE

Dar haina uhaba wa sala. Kuna sala ya kabla ya kupanda daladala, ya kabla ya ugali, ya kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Ijumaa usiku mikesha inawaka kuanzia Tandale mpaka Yombo, na viwanja vya Tanganyika Packers pale Kawe vimeshajaza umati wa mikutano ya injili mara nyingi tu. Hiyo ni neema. Mtu anayelala na mawazo ya kodi ya miezi sita anahitaji mahali pa kulia bila kuchekwa.

Ila sikiliza maombi yenyewe. Yanaomba mume, viza, kiwanja, mtoto, kazi. Halafu yanapigana: na mchawi wa ukoo, na bosi mwenye roho mbaya, na jini mahaba, na jirani ambaye haeleweki. Adui ni mwingine siku zote. Ni nadra sana maiki kushikwa na mtu anayesema, Bwana, kwenye ile nyumba mchawi ni mimi, mimi ndiye niliyemfitini wifi yangu mpaka ndoa ikavunjika.

Mwaka 2011 nchi nzima iliona foleni ya magari ikienda Samunge, Loliondo, kilometa na kilometa, watu wakifuata kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Kila mtu ana haki ya kutafuta uponyaji. Lakini pita parokia ya jirani Jumamosi jioni ya kawaida, isiyo ya Kwaresima wala ya Majilio, uhesabu walio kwenye foleni ya kitubio. Kitubio ni bure na hakihitaji nauli ya Loliondo. Ugumu wake ni kwamba unatakiwa kutaja ulichofanya wewe, si ulichofanyiwa.

MAKANISA YENYEWE YANASEMAJE?

Hapa ndipo wengi wanapopigwa chenga. Wanadhani kutubu ni kusema tu, wakati mafundisho ya kale ya Kikristo yanataka zaidi ya hapo.

Wakatoliki wana sakramenti ya kitubio, na ndani yake kuna majuto, kuna ungamo, kuna malipizi. Mafundisho yao yanamtaka aliyeiba arudishe, na aliyemchafua mtu amsafishie jina. Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliagiza muumini aungame angalau mara moja kwa mwaka, ukaweka na adhabu kali kwa padri atakayetoa siri ya maungamo. Mpaka leo padri anayeivunja siri hiyo moja kwa moja anatengwa na Kanisa. Linganisha na laivu, ambako dhambi yako na ya mwenzako zinabaki kwenye simu za watu kama skrinishoti.

Walutheri na Waanglikana wana ungamo la pamoja ndani ya ibada. Martin Luther alipoandika hoja zake 95 mwaka 1517, ya kwanza kabisa ilihusu toba, kwamba ni kazi ya maisha yote ya muumini.

Na walokole? Neno lenyewe lina historia. "Balokole" ni Kiganda, maana yake waliookolewa. Ndilo jina lililowashika watu wa uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, ukasambaa Kenya na kuingia Tanganyika upande wa Bukoba. Watu wale walijulikana kwa kuungama hadharani na kwa kurudisha. Aliyeiba kwa mwajiri alirudi na kitu mkononi. Aliyekuwa na kisirani na ndugu alimfuata wakayamaliza. Walikuwa na kasoro zao, maana maungamo mengine ya mbele za watu yalizua migogoro makanisani. Lakini ushuhuda wa mdomoni ulitarajiwa kuonekana mpaka mfukoni. Na haikuwa dini ya vichochoroni: Josiah Kibira, mtu wa uamsho huo kutoka Bukoba, alikuja kuwa askofu, na mwaka 1977, kwenye mkutano uliofanyika hapahapa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa kwanza Mwafrika wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Kwa hiyo anayesema "mimi mlokole, ya zamani usiniulize" anatumia jina la watu waliokuwa wanaulizwa, na wakijibu.

Biblia ambayo kila upande unaishika nayo haifichi. Zakayo wa Luka 19, mtoza ushuru wa Yeriko, aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Mathayo 5 inamwambia mwenye sadaka aiache kwanza madhabahuni, akapatane na ndugu yake, ndipo arudi. Maana yake hata bahasha ya sadaka inaweza kusubiri, watu wa kikoba wakaonwa kwanza. Na Daudi, mfalme, staa wa zama zake, alisamehewa baada ya nabii Nathani kumkabili uso kwa uso, lakini matokeo ya alichomfanyia Uria yaliendelea kuitafuna nyumba yake.

Hata jirani Mwislamu mnayechangia naye uani kule Mtoni anafundishwa hivyo: ukimdhulumu mtu, toba haikamiliki mpaka haki yake imemrudia au amekusamehe mwenyewe.

USHUHUDA NAO UNA KAZI YAKE

Wapo watakaosema, acheni watu washuhudie, kuna wanaopona kwa kusikia. Ni kweli. Kijana aliyeacha unga anaposimama mbele ya mtaa uliomwona akilala barazani, yule teja aliyejificha nyuma ya spika anaweza kupata nguvu ya kwenda Jumatatu kliniki ya methadoni, Mwananyamala au Temeke. Ushuhuda wa aina hiyo unaokoa maisha, na haumvui nguo mtu mwingine.

Mpaka uko hapo. Dhambi yako ni yako, itaje upendavyo. Ya mwenzako si mali yako. Yule dada uliyetoka naye mwaka juzi ana mume sasa, ana watoto, ana mama mkwe mwenye simu janja. Ukimtaja ili toba yako inoge, umefungua kosa jipya juu ya la zamani. Na ukiongeza chumvi ya uongo, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayokusubiri.

Kingine ni msamaha wa kulazimishwa. Mama ntilie akiuliza hela yake anaambiwa ana moyo mgumu, Mkristo gani hasamehi? Hapo aliyeibiwa ndiye anageuzwa mkosaji. Kusamehe ni zawadi anayotoa aliyeumizwa, kwa muda wake. Aliyeumiza hana haki ya kuidai, na watu wa kwenye komenti ambao hawakupoteza hata mia hawana haki ya kumdaia.

PA KUANZIA PAPO

Anayetaka kutubu kweli hahitaji taa wala kamera. Anaanza na simu moja. "Mama Fulani, mimi ndiye niliyekula hela yenu. Ni shilingi kadhaa. Sina zote." Hakuna "kama niliwakosea", maana alijua anakosea. Asiye na uwezo wa kulipa kwa mkupuo anaweza kutuma elfu tano kila wiki kwa simu, mbele ya mjumbe wa mtaa au mzee wa kanisa kama shahidi. Elfu tano inayoingia kila Jumamosi itaongea kuliko ushuhuda wa saa nzima. Baba wa mtoto aende na wazee wake, aulize mahitaji, aanze mwezi huohuo.

Aliyempiga au kumwumiza mwanamke asikimbilie mlangoni kwake na maua na mchungaji. Amtume mtu anayeaminika na upande wa pili, na akiambiwa hatakiwi, akae mbali. Kukaa mbali nako ni sehemu ya toba yake.

Wachungaji nao wana la kufanya. Kabla ya kumpa mtu maiki, wamuulize swali moja tu: uliowakosea wanajua kwamba umebadilika, au watalijua hili kwa mara ya kwanza YouTube? Kama hawajui, ushuhuda unaweza kusubiri mwezi mmoja. Injili haitakwama.

Na sala ibaki palepale, asubuhi na jioni. Kazi yake hapo ni kumpa mtu ujasiri wa kubonyeza ile namba aliyoikwepa miaka miwili.

Haya mdau, uwanja ni wako. Aliyekula hela yako akija kesho na nusu ya deni mkononi na hana kamera, unampokea au unamfukuza? Tiririka hapo chini, ila majina ya watu yaache.