Simu Nayo Ibishe Hodi



Safu hii huiandikia Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, na mhariri wangu yuko Mombasa. Nikiisha kuinakili katika simu, humfikia kabla chai yangu haijapoa. Zamani bahasha ingelala njiani ndani ya basi. Kwa hiyo nisemayo leo si maneno ya mtu anayeichukia simu.

Jirani yangu hapa, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, naye hufanya kazi Mombasa bila kutoka nyumbani kwake. Hutunza hesabu za duka la vitambaa. Mauzo huandikwa katika jedwali moja la mtandaoni ambalo yeye, mwenye duka na muuzaji wote huliona. Maagizo hupitia kikundi cha WhatsApp. Ujira huingia kwa M-Pesa. Huduma hiyo ilipoanza Machi 2007, nani alidhani ingemlipa mwanamke wa Ndhiwa kwa kazi ya Mombasa, naye sufuria yake ingali motoni?

Katika kuandika sioni ila. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imehusu kuandika deni, liwe dogo au kubwa. Jedwali lile huhifadhi nani kabadilisha nini na saa ngapi. Madaftari mengi ya duka niliyopata kuyaona hayakufika hapo. Ugomvi uliletwa na ujumbe wa sauti. Doti kumi za leso zilitoka kwa mkopo, na hakuna aliyekumbuka nani aliamuru. Tangu hapo wamekubaliana kwamba lisemwalo kwa sauti lisipoandikwa katika jedwali, halikusemwa.

Lakini mumewe alinijia kwa jambo jingine. "Maalim," akasema, "mke huyu nimemwoa mimi au amemwoa mwenye duka?" Maana ujumbe huingia saa tano za usiku, na alama za buluu zikionekana, jibu hutakiwa papo hapo.

Nikamkumbusha aya ya 58 ya Suratun Nur. Watumishi na watoto wa nyumbani wameamrishwa kuomba idhini nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Ikiwa mwana wa kumzaa hubisha hodi, tajiri wa Mombasa ataingiaje chumbani bila hodi? Ufaransa wana sheria ya jambo hili tangu tarehe 1 Januari 2017, na kwetu seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alikwisha kupeleka mswada wake Seneti.

Mume alitaka simu izimwe kabisa. Nikamuuliza karo ya watoto hutoka wapi, akanyamaza. Nikamuuliza pia mara ngapi humwita mkewe amletee chai naye yumo katika hesabu. Hapo mkewe akacheka.

Tuliketi sote watatu, mama akaandika mwenyewe kikundini: kazi ni saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, baada ya hapo kikundi kitanyamazishwa kwa saa nane, la dharura lipigiwe simu. Mwenye duka alijibu kesho yake. Amekubali, ila ameomba mikesha ya kumi la mwisho la Ramadhani, kwani ndipo leso zinaponunuliwa. Mama amemwandikia bei ya mikesha hiyo, na mpaka naipeleka safu hii, jibu halijaja.