HERUFI NI AMANA: KIJANA ASHIKE KALAMU KABLA YA KOMPYUTA

Hapa kwetu pwani kijana akisema anasomea udaktari huombewa dua, akisema anasomea sheria huulizwa atamaliza lini, lakini akisema anasomea uchoraji wa matangazo na picha za kutembea, watu humtazama kwa huruma kisha wakamuuliza, "Na kazi utafanya gani?" Swali hili nimeulizwa arusini, nimeulizwa matangani, na siku moja niliulizwa na utingo wa matatu aliyeziona karatasi zangu. Sikusudii kulijibu leo. Ninalotaka kusema ni jambo jingine, nalo kwa maoni yangu ni zito zaidi: sisi tunaojifunza kazi hii tunapewa mashine kabla ya kupewa kalamu, na hasara yake hatuipati peke yetu, bali zinaipata hata zile herufi ambazo kila mmoja wetu alifunzwa chuoni akiwa mtoto mdogo.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana asiyekiri lake hana haki ya kuwasema wenziwe.

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo, nimerudi Mombasa likizoni, na Mfungo Sita umeandama. Vijana wa mtaani walikuwa wakitayarisha Maulidi, wakaniambia, "Wewe si ndiye msomi wa michoro? Tutengenezee bango." Nilifurahi kupita kiasi. Nilikesha usiku kucha. Nikatia kuba la kijani, nikatia mwezi na taa za dhahabu, na juu kabisa nikabandika Bismillahi niliyoinakili mahali pengine. Nilipoona maandishi yamekaa pale, meupe juu ya kijani, nikaridhika nikalala. Bango likapigwa chapa kwenye turubai la mita tatu, likatundikwa baina ya nguzo mbili.

Asubuhi yake mzee mmoja, ambaye sote mtaani twamwita Ami, alisimama chini ya bango lile akaegemea bakora yake. Akaniita.

"Mwanangu, hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, Ami."

"Hebu nisomee."

Nikafungua kinywa nikakwama. Mimi nilihitimu Kurani juzuu zote thelathini kabla ya kumaliza shule ya msingi, lakini neno lile sikuweza kulisoma kwa sababu halikuwa neno. Herufi zilikuwa zimeachana moja moja kama watoto waliogombana, tena zimepangwa kutoka kushoto. Mim ya mwisho ilikuwa imekuja mwanzo, be ya mwanzo imekwenda mwisho. Ami hakunifokea. Alisema tu, "Lishusheni kabla ya adhuhuri, watu hawajapita wengi." Naapa ningaliona heri kupigwa ile bakora.

Sababu ya mkasa huu si siri kwa wenye kazi hii. Herufi ya Kiarabu haina sura moja. Itazame he: peke yake ina sura yake, mwanzo wa neno ina nyingine, katikati nyingine, na mwisho nyingine tena. Kisha ziko herufi sita, yaani alif, dali, dhali, re, ze na wau, ambazo hazimshiki mkono anayezifuata. Programu iliyotengenezwa kwa kufikiria herufi za Kizungu, kama haikuelekezwa kwa makusudi kuzifuata kanuni hizi, huziokota herufi moja moja na kuzipanga kama matofali kuanzia kushoto. Mashine haioni haya. Aliyepaswa kuona haya ni mimi, kwa kuwa kusoma najua, na macho ninayo, walakini sikusoma. Nilikuwa nimeyatazama maandishi yale kama pambo, sawa na ule mwezi na zile taa.

Hapo ndipo palipo na kiini cha maneno yangu. Mwanafunzi wa michoro hufundishwa kutazama: rangi hii na ile zinapatana vipi, picha ikae wapi, nafasi tupu iachwe kiasi gani. Ni elimu nzuri na siidharau. Tulisomeshwa habari za shule ya Bauhaus iliyofunguliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, na tukasomeshwa jinsi Waswisi walivyoigawa karatasi kwa mistari ya vipimo ili kila kitu kikae mahali pake. Nilisoma hayo yote nikafaulu mtihani. Lakini hakuna siku niliyoambiwa kwamba karibu miaka elfu moja kabla ya hapo, Baghdad, waziri mmoja jina lake Ibn Muqla, aliyefariki mwaka 940, alikuwa amekwisha kuwawekea waandishi kipimo chao. Kipimo chenyewe ni nukta, ile alama ya pembe nne inayoachwa na ncha ya kalamu ya mwanzi ikigusa karatasi mara moja. Alif hupimwa kwa nukta, na herufi nyingine hupimwa kwa duara ambalo alif ndiyo kipenyo chake. Katika khati ya thuluthi alif aghalabu husimama nukta saba. Katika naskhi, tano. Kwa hivyo mwandishi akichukua kalamu nene au nyembamba, kipimo hukua na kupungua pamoja nayo, na herufi hazikosani kamwe. Mtu huyu alikatwa mkono wake wa kulia kwa fitina za ufalme, na wanahistoria wanaeleza kwamba aliendelea kuandika kwa kuifunga kalamu kwenye kigutu chake. Nilipolisoma jambo hilo nilikumbuka malalamiko yangu kwamba kompyuta yangu ni nzito.

Baada ya mkasa wa bango nilikwenda kwa Maalim aliyenisomesha utotoni, nikamwomba anifunze kuandika. Alicheka, kwani alidhani alikwisha kunifunza. Akanichongea mwanzi, akanipa wino, na kwa wiki tatu sikuandika ila alif. Aliponiruhusu kwenda kwenye be nilikuwa nimekwisha kujua jambo ambalo mwalimu wangu wa michoro alikuwa akilieleza mwaka mzima bila ya kuniingia, kwamba nafasi iliyo kati ya herufi mbili nayo pia ni kitu kinachoandikwa.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Baghdad peke yake. Kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kina maandishi ya Kufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na wanakili waliotoa misahafu yenye nakshi za wino mweusi, mwekundu na wa manjano, na kazi zao hata leo zinastaajabisha. Hapa Mombasa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwaandikia watu Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na alijishughulisha sana na namna ya kuzifanya herufi hizo zitamke sauti zetu ambazo Mwarabu hana. Kuamua pe na che ziandikwe vipi ili msomaji asikwame, hiyo ni kazi ya msanifu wa herufi, hata kama wakati ule hakuna aliyeiita hivyo.

Na akina mama zetu je? Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo huzunguka pande zote nne, mji hukaa kati, na jina hupewa kisanduku chake chini ya mji, si juu wala ubavuni, ili livaliwapo lionekane na anayekusudiwa kuliona. Majina ya leso za zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kizungu. Ukimpa bibi yangu leso ambayo jina lake limesongwa na maua, ataitupa upande kabla hujamwambia bei. Nimekaa darasani miaka miwili kujifunza lile ambalo yeye hulifanya dukani kwa nukta moja ya jicho.

Sasa nije kwenye picha za kutembea, ambazo ndizo zilizonitoa jasho zaidi. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Hata mchoraji akijihurumia, akatumia mchoro mmoja kwa picha mbili, bado anadaiwa michoro 12 kwa kila sekunde, na dakika moja ni michoro 720. Mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, alikaa miaka mitatu akikata karatasi nyeusi kwa mkasi, akizifunga viungo na kuzisogeza kidogo kidogo juu ya kioo chenye taa chini yake, mpaka mwaka 1926 akatoa filamu ndefu ya Mwanamfalme Ahmed. Hiyo ilikuwa miaka 11 kabla ya Wamarekani kutoa ile ya Snow White. Na hadithi yenyewe aliitoa wapi? Katika Alfu Lela Ulela! Vivuli navyo si vigeni kwetu sisi Waislamu. Katika karne ya 13 Ibn Daniyal alikuwa akitunga michezo ya vivuli katika mji wa Cairo.

Nalisema hili kwa sababu wako wanaoniambia kwamba kazi hii yote ni haramu, na wako vijana wenzangu wanaocheka wakisikia neno hilo. Wote wawili nawaona wana haraka. Mimi si mwanachuoni. Najua tu kwamba wanavyuoni wamekhitalifiana: wako wanaozuia kila picha ya chenye roho, wako wanaotenga sanamu lenye kivuli na picha ya karatasini, na wako wanaoruhusu ile ya kuwafundishia watoto. Nilimuuliza Maalim. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Wewe una herufi ishirini na nane na bahari nzima hapo mbele yako. Ukizimaliza, njoo uniulize tena."

Basi nikaanza na nun. Yeyote aliyewahi kukaa Mji wa Kale akatazama vyombo ataiona nun kuwa ni dau, na nukta yake ni shehena. Alif nikaifanya mlingoti. Nilichora sekunde 40, nikaenda kuwaonyesha watoto wa chuoni kwa Maalim. Walifurahi, wakapiga kelele, isipokuwa kijana mmoja mdogo aliyekunja uso.

"Mbona chombo chaenda nyuma?" akauliza.

Na kweli! Dau langu lilikuwa likitoka kushoto kwenda kulia, kama kila kitu nilichofunzwa kuchora, nalo lilikuwa likienda kinyume cha maandishi yaliyobebwa ndani yake. Kosa lile lile la bango, safari hii limepanda chombo. Kuipindua filamu kama kioo hakukufaa, maana herufi nazo zingepinduka pamoja na bahari. Nilirudi nyumbani nikachora upya, mawimbi, upepo na tanga, michoro 480.

Wako watakaoniambia kwamba taabu zote hizi ni za bure, kwa kuwa mashine zimefika zinazochora kwa kuambiwa tu maneno. Nimezijaribu. Mara nyingi niliziamrisha zinipe mlango wa nakshi wenye aya juu yake, zikanipa mlango mzuri mno na juu yake vijiti na nukta zinazofanana na Kiarabu, ambavyo hakuna aliye hai anayeweza kuvisoma. Mashine nayo imeyatazama maandishi yetu kama pambo. Kumbe imesoma shule moja na mimi!

Wala sisemi tuzitupe kompyuta. Mwaka 2011 Khaled Hosny wa Misri alitoa fonti iitwayo Amiri, akiifuata naskhi ya Matbaa ya Bulaq ya Cairo, akaiacha itumiwe bure na yeyote. Hiyo ni kazi ya kompyuta iliyofanywa na mtu aliyezichungua herufi kwa miaka. Na Nairobi, studio ya Homeboyz ilitengeneza vipindi vya Tinga Tinga Tales vilivyoanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010, kwa mtindo wa picha alizoanzisha Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam. Watoto wa Kizungu wamekua wakitazama rangi za huku kwetu. Nakshi za milango ya Lamu na za misahafu ya Siyu hazina upungufu wowote wa kuzizuia zisitembee vivyo hivyo. Upungufu uko kwetu, maana madrasa zetu nyingi zinasomesha mtoto asome na hazimsomeshi aandike, na mtoto huyo akienda kusomea michoro huko juu hakuna atakayemuuliza habari ya kalamu. Laiti kila chuo kingetenga saa moja kwa wiki kwa mwanzi na wino! Gharama yake haifikii bei ya turubai moja.

Upungufu mwingine ni wa wateja, na hapa nitawaudhi baadhi ya wazee wangu wa kamati, wanisamehe. Fundi wa mlango hupewa miezi. Mshoni wa kofia hupewa miezi, na hakuna anayemwambia ashone macho machache ili amalize leo. Lakini mwandishi wa jina la Mwenyezi Mungu juu ya bango huambiwa magharibi kwamba linatakiwa alfajiri, na akitaja malipo huambiwa, "Si ni kubonyeza tu?"

Juzi alinijia kijana wa kamati ya msikiti akitaka tangazo la darsa za Ramadhani. Nikamwambia siku tatu. Akashangaa, akasema liko duka barabarani linalotoa kwa saa moja tena kwa nusu ya bei. Nikamwambia alichukue huko, hapana neno, ila kabla halijapigwa chapa ampelekee Ami alisome kwa sauti.

Alirudi baada ya Isha, karatasi ameikunja mkononi, akaniuliza kama zile siku tatu zaanza kuhesabiwa usiku ule au kesho yake.